Nilivyomkimbiza Mama kwa Kinorwei

Hili nalisema huku nimejifunika uso. Nyumba yetu ya wageni hapa Ibra ilipopata wageni wa mwanzo, mume na mke kutoka Norwei, niliwakaribisha kwa Kinorwei cha kwenye kamusi ya Kiingereza na Kinorwei. Nilitaka kusema mama yangu ndiye anayeiendesha nyumba. Kwa Kiingereza, kuendesha shughuli na kukimbia ni kitenzi kimoja, "run", nami nikachukua neno la Kinorwei la mwanzo nililoliona, kumbe ni la kukimbia.

Yule mke akamtazama mama na mkongojo wake, akaniuliza kwa Kiingereza, "Anaizunguka nyumba nzima mbio?"

Nikamfasiria mama.

"Mwambie ndiyo," akasema mama, "lakini leo nangoja wamalize kula kwanza."

Nilipowaambia, walicheka, wakakaa, na yule mke akaiomba kamusi anioneshe neno nililopaswa kulitumia.