Siku Boksi Langu Lilipoamkia Wazee Bila Kukoma

Nitasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Katesh, maana wao wanaongeza chumvi. Niliporudi Bashay na diploma yangu ya elektroniki (niliyojisomesha mwenyewe kwa kutengeneza simu za watu Arusha), watu wa kwetu walisema mtoto wa mkulima wa vitunguu saumu hatengenezi kompyuta, labda aichaji. Nikatengeneza! Boksi dogo lenye Linux ndani (programu kuu inayoendesha kompyuta), linaongea kwa redio na tenki la maji huko juu kilimani, na tenki likipungua linawasha pampu lenyewe. Kijiji kimoja cha wafugaji chini ya Mlima Hanang kilikubali kulijaribu: likifanya kazi mbele ya mkutano linabaki, likishindwa wanarudi kwenye pampu ya dizeli na mimi narudi kwenye simu.

Nililifunga siku mbili kabla, likafanya kazi safi. Ila Mzee Gwandu, mwenyekiti wa kamati ya maji, alilitazama akaniuliza, "Kijana, hiki kinaingia kwa watu hakisalimii?" Alikuwa anatania, lakini mimi na ujuaji wangu, asubuhi ya mkutano nikachomoa kadi ya kumbukumbu ya boksi niongeze sauti ya kusema "Shikamooni wazee" kila linapowaka.

Sasa sikilizeni kosa. Linux ya namna hii inapikwa: unauandikia mfumo orodha ya vifurushi vya programu, kila kimoja na namba ya toleo lake, nao unavikusanya na kukupa kitu kimoja cha kuweka kwenye kadi. Kwenye fimwea ya redio (ile programu ndogo inayoendesha chipu yenyewe) sikuandika namba, niliandika lichukuliwe toleo jipya kuliko yote, kwa sababu mtu wa kisasa anatumia cha kisasa. Nikapika upya, nikaifuta kadi na kuweka kipya, sikujaribu. Salamu ya sekunde mbili, nijaribu nini?

Watu wamekaa, tenki limeachwa lipungue makusudi, ng'ombe wamezuiwa pembeni ya birika la kunyweshea. Nikawasha.

"Shikamooni wazee!"

"Marahaba!" wakaitikia kwa kicheko.

Pampu kimya. Boksi likazima, likawaka tena. "Shikamooni wazee!" "Marahaba!" Kimya. (Nilikuwa nimeliagiza mwenyewe kwamba likikosa redio lizime na kuanza upya.) Na wazee wa huku hawaachi salamu bila jibu, hata ya boksi, wakaitikia mara ya sita, ya kumi, mpaka Mzee Gwandu akasema, "Marahaba mwanangu, lakini maji?"

"Limelelewa vizuri," akasema Mama Paskalina, katibu wa kamati, "ila kazi halijui. Kama aliyelileta."

Kichwani kulikuwa na swali moja linaniwasha: juzi lilifanya kazi, leo imeongezeka salamu tu, salamu inazuiaje redio? Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua laptopu, nikaweka orodha ya juzi kando ya ya leo, mstari kwa mstari, Mzee Gwandu akichungulia begani. Yote sawa isipokuwa mmoja. Fimwea ya redio: juzi 2.1, leo 3.0! Hiyo mpya ilitengenezwa kwa ajili ya chipu za kisasa, na yangu ni ya zamani.

"Kwa hiyo kilibadilika chenyewe?" mzee akauliza.

"Nilikiruhusu, mzee."

"Ukinunua dume mnadani, unamwingiza zizini hujamtazama meno?"

Kwa bahati 2.1 ilikuwa bado imehifadhiwa kwenye laptopu. Nikairudisha kwenye kadi, boksi likaamkia mara moja tu, pampu ikanguruma, maji yakashuka, ng'ombe wakalivamia birika.

Nikaanza kutunisha kifua, Mama Paskalina akafungua daftari la mihtasari. "Soma hiyo namba." Nikasoma. Akaandika kwamba boksi limepokelewa na kwamba 2.1 haibadilishwi bila mkutano, akanigeuzia daftari. "Saini." Nikasaini, mimi mwenye diploma, mbele ya kijiji kizima.

Siachi tena kifurushi bila namba, naapa. Mwezi uliopita nilipata toleo jipya la fimwea linaloifaa chipu yangu, nikalijaribu nyumbani wiki nzima, nikapanda pikipiki kwenda kuliombea ruhusa. Lilikuwa ajenda ya nne, baada ya mbwa wanaozurura. Wameniambia nirudi mvua zikiisha.