Luqmani, Protekta na Simu ya Mkwe

Pale stendi ya Bunda, meza ya Luqmani ilikuwa jirani na boksi langu la viatu, karibu kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayejifuta. Mimi ni Thadeo, fundi viatu. Yeye alikuwa anauza makava ya simu na kubandika protekta, vile vioo vyembamba vya kufunika kioo cha simu kisipasuke. Nimekaa na wapiga debe, nimekaa na wahubiri wa stendi, lakini kwa maneno Luqmani aliwazidi wote. Ukimsikiliza ungedhani protekta inatibu mpaka mgongo.

"Mama, simu yako iko uchi!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. "Hebu iangalie, imeona aibu mpaka chaji imekata."

Abiria akicheka, kwisha habari yake. Luqmani ameshaichukua simu, anaifuta kwa kitambaa, anabandika, anasukuma vipovu vya hewa kwa kidole gumba. Viputo viwili vitatu vilikuwa lazima vibaki. Ukilalamika anakwambia hapo ndipo simu inapopumulia.

Halafu kulikuwa na onyesho. Alikuwa na simu moja iliyokufa zamani, haina hata betri, ameibandika protekta. Watu wakijaa ananyoosha mkono bila kuniangalia, nami nampa nyundo yangu ya kupigia visigino. Anaigonga ile simu kwenye kioo, ko, ko, ko. Watu wanapiga kelele. Kioo kizima! Wasichokijua ni kwamba aligonga kwa ubapa, taratibu, na mlio mwingi alikuwa anautoa mdomoni.

Usimwone tapeli. Mama yake, Bi Tabu, alimlea peke yake kwa kukaanga mihogo, na Luqmani alianza kutafuta riziki akiwa bado na magoti ya utoto. Alijaribu kuuza dagaa, akashindwa kwa sababu hawezi kukaa kimya na mteja wa dagaa anataka kununua aondoke. Akaendesha bodaboda, akawa anageuka nyuma kumsimulia abiria habari, mpaka siku moja wote wawili wakasimuliana wakiwa mtaroni. Protekta ndiyo kazi ya kwanza iliyompenda. Hapo mdomo ulikuwa mtaji.

Msichana wa kwanza kumziba huo mdomo alikuwa Najat, binti wa Musoma, mtaa wa Kigera, aliyeshuka Bunda kubadili gari. Luqmani akamwambia simu yake iko uchi. Najat akaitazama meza, akaitazama simu ya mfano iliyobandikwa, akasema, "Kaka, hii ina mapovu kuliko sabuni ya Foma. Unabandika au unafua?"

Luqmani akainama kuvisugua vile viputo kwa kidole gumba mpaka gari la Najat likaondoka, nami nikajua kijana ameumia pabaya. Kumbe Najat alikuwa ameshaisoma namba yake kwenye makava ya mezani. Wakaanza hivyo, meseji asubuhi, meseji jioni, hadi ikabidi apeleke posa.

Baba yake Najat ni Mzee Twalib, fundi cherehani wa kanzu na suti, mtu anayeangalia mshono wa shati lako kabla hajakuangalia usoni. Alituma salamu kwamba mshenga anakaribishwa, ila na kijana mwenyewe aje, yeye hanunui mbuzi kwenye gunia. Basi tukaenda watatu: Luqmani, mjomba wake ambaye ndiye mshenga, na mimi wa kujaza viti. Nikaazimwa kanzu na kofia, mimi niliyepata ubatizo, komunyo na kipaimara. Kofia ilikuwa ndogo, ikanikaa kichwani kama kizibo cha soda.

Tulipokelewa vizuri. Chai ikaletwa, na kashata. Mjomba akaeleza shida iliyotuleta kwa maneno ya heshima. Mzee Twalib akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kijana anafanya kazi gani?"

"Yuko kwenye teknolojia," mjomba akasema.

"Teknolojia ipi?"

"Ya vioo."

"Anafunga madirisha?"

"Hapana, baba," Luqmani akadakia. "Nabandika protekta za simu."

"Ahaa. Kile kiplastiki."

Luqmani akasogea ukingoni mwa kiti. "Ni kioo, baba. Kioo kigumu."

Mzee akatoa simu yake mfukoni, mpya, inang'aa, aliyoletewa na mwanawe mkubwa kutoka Dar. Akaiweka mezani. "Niambie, mwanangu. Simu imekuja na kioo chake. Mimi ninunue kioo kingine niweke juu ya kioo. Hicho cha juu kikivunjika?"

"Unaweka kingine, baba."

"Na hiyo ndiyo kazi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini Luqmani ni mtu wa meza, na hapo palikuwa na meza, simu, na mteja asiyeamini. Akachomoa protekta kwenye mfuko wa kanzu, akaifuta simu ya mzee, akabandika. Viputo viwili vikabaki. Halafu mkono wake ukaninyookea, bila kuniangalia.

Na nyundo nilikuwa nayo. Alikuwa ameniomba asubuhi niibebe, endapo mazungumzo yatakuwa magumu.

Akagonga. Ko. Mzee akashtuka, akasogea, akachungulia. Kizima. Uso wake ukaanza kufunguka kidogo.

"Tena," mzee akasema.

Sasa mbele ya baba mkwe mtu hagongi kwa ubapa. Luqmani akainua mkono, na mlio uliotoka haukutoka mdomoni. Ulilia kama konokono aliyekanyagwa. Ile simu ina kamera iliyovimba mgongoni, kwa hiyo haikuwa imelala sawasawa mezani, ilikuwa imening'inia katikati kama benchi bovu. Tukainama wote. Protekta ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Chini yake kioo cha simu kilikuwa kimepasuka kama utando wa buibui, na doa jeusi lilikuwa linatambaa kutoka pembeni kama wino.

Mzee Twalib akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya protekta, huku na huku.

"Hii ya juu ni nzima," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na simu imekufa."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo simu ndiyo iliyoilinda protekta."

Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajifanya anakohoa, kisha tukasikia ndala zinakimbilia uani. Alikuwa Najat. Mjomba akapendekeza tuombe dua tuondoke.

Luqmani, jasho limemtoka mpaka kwenye kola, akatoa simu yake mwenyewe akampa mzee kwa mikono miwili. "Baba, kioo nitakiagiza Mwanza. Tumia hii kwanza." Akataka kuchomoa laini yake.

"Iache," mzee akasema. "Laini yangu naiweka upande wa pili. Nataka kujua unaishi na watu gani."

Tukarudi Bunda na kashata zetu. Hatukuwa tumejibiwa ndiyo wala hapana.

Sasa, Najat alikuwa uani anacheka, hakusikia mwisho wa kikao. Jioni ile ile, akiwa chumbani kwake, akaandika meseji kwa Luqmani: "Pole mpenzi. Umekula?"

Jibu likaja taratibu, la mtu anayetafuta herufi moja moja: "Nimekula. Ugali wa muhogo na sato. Chumvi ilizidi."

Najat akashangaa. "Sato umekula wapi tena?"

"Hapa sebuleni. Niletee maji ya kunawa."

Najat anasema alikaa chumbani akiomba ardhi ipasuke, na ardhi ya Kigera ni mawe matupu, haipasuki. Akapeleka maji. Mzee akanawa, akashukuru, akarudi kwenye simu.

Wateja nao hawakupona. Luqmani alikuwa ameandika namba yake kwenye kila kava, sasa kila anayepiga anapokelewa na sauti ya Kigera: "Huyu si Luqmani. Huyu ni mzee aliyevunjiwa simu na Luqmani. Wewe nani? Uko wapi? Hiyo protekta imekusaidia nini?"

Watu wakajibu. Unajua watu wakiulizwa na mzee hawakati simu. Mwalimu mmoja akasema yake ilipasuka siku nyingi, inamkata kidole, lakini anaogopa kuibandua, hajui chini atakuta nini. Dereva mmoja akasema simu yake iliruka kutoka kwenye dashibodi ikapona. Dada wa saluni akasema tangu abandike, akigusa A inakuja S. Mwingine akasema hajawahi kuweka kitu na simu haijawahi kuvunjika, kwa sababu yeye simu anaishika. Huyo mzee alimpenda sana, akamuuliza mpaka kabila lake.

Luqmani akawa anapata habari hizi mezani. "Nilipiga simu," mteja anamwambia, "nikahojiwa kama mtu anayeomba kazi serikalini." Akakonda. Onyesho la nyundo aliliacha. Akawa anabandika kimya kimya, mpaka abiria wengine walidhani meza imepata mwenyewe mpya.

Kisha siku moja simu yangu ikalia, namba ya Luqmani. "Thadeo wa viatu?" Ni Mzee Twalib. "Mwambie mwenzako kesho tukutane Butiama, kitongoji cha Mwitongo. Kuna mama anasema simu yake imekanyagwa na ng'ombe ikapona. Mimi siamini. Nataka nimwone ng'ombe."

Tukaenda. Yule mama anaitwa Matrida, mkulima, mfugaji, mama wa maneno mafupi. Alikuwa amepiga kuomba protekta nyingine, akajikuta anatembelewa na ujumbe wa watu watatu. Akatutolea viti nje, akampa mzee shikamoo, akaeleza.

"Simu naiwekaga hapa, kwenye kanga. Nikainama kukamua, ikadondoka. Yule ng'ombe mwehu akarudi nyuma, akaikanyaga na kwato lote. Kioo cha juu kikawa kama chumvi. Nikalia. Mtoto wangu wa Buhemba ndiye aliyeninunuliaga, mtoto anaingia shimoni chini huko kutafuta dhahabu, mimi navunja? Dada yake akabandua kile cha juu. Cha ndani, mzee, hakina kitu."

Akaonyesha. Kweli, kilikuwa kizima, kinang'aa.

"Nipelekeni kwa ng'ombe," mzee akasema.

Alikuwa mweupe na madoa, anatafuna kwa dharau. Mzee Twalib akatoa futi yake ya kupimia nguo mfukoni, akachuchumaa nyuma ya ng'ombe ili apime kwato. Matrida akamwambia, "Mzee, hapo sipo pa kukaaga." Alichelewa. Ng'ombe aliinua mkia, akamaliza haja yake yote ndogo juu ya kiatu cha mzee, cha ngozi, cheusi, kilichopigwa rangi asubuhi. Mimi nikaona kazi imeingia.

Mzee akasimama, akakung'uta mguu. Akamgeukia Luqmani. "Ng'ombe mzima anakanyaga, simu inapona. Wewe na kanyundo unaua. Nieleze."

Nikajua sasa Luqmani atafungua mdomo, na kwamba ataapa kwa kila kitu protekta zake zimetengenezewa ng'ombe. Matrida mwenyewe shahidi. Lakini aliangalia chini.

"Baba, hapa ni tope. Simu ilizama kwenye tope, ndiyo maana ikapona. Protekta imesaidia, ila tope limesaidia zaidi. Ikianguka kwenye sakafu, kwenye kokoto, mara nyingi protekta inavunjika yenyewe, kioo kinabaki. Mara nyingine haisaidii. Habari ya nyundo ni maneno ya stendi. Ile simu ya mezani kwangu ni maiti, na huwa nagonga kwa ubapa."

"Na yangu kwa nini uliipiga kwa nguvu?"

"Uliiita kiplastiki, baba. Ndicho kinachomlisha mama yangu."

Nilitazama pembeni. Matrida naye akajifanya anafunga kamba. Hata ng'ombe aliacha kutafuna, au labda nilitaka kuona hivyo.

Mzee Twalib akaikunja futi yake polepole. "Nimeuliza watu wengi kwa simu yako," akasema. "Nimeona hivi. Simu ikianguka, hicho kitu kinasaidia. Ikishikwa na mjinga, hakisaidii. Na siku ile wajinga tulikuwa wawili, kwa sababu nani alisema 'tena'?"

Akacheka, na alipocheka yeye tukapata ruhusa. Matrida akaleta maziwa mgando na viazi vitamu. Tulipokuwa tunakula mzee akamuuliza Luqmani anadhani anaweza kumtunza mtu anayetia chumvi nyingi kwenye sato. Luqmani akasema anaweza. Hilo ndilo lilikuwa jibu la posa, na mjomba mshenga hakuwepo hata kulisikia. Alinuna wiki nzima.

Ndoa ilifungwa baada ya Idi. Kioo kutoka Mwanza kilichelewa, kwa hiyo salamu zote za pongezi ziliingia kwenye simu aliyokuwa nayo mzee, naye akazijibu zote, akiwauliza watu kama na wao wanatumia protekta.

Kioo kilipofika, bwana na bibi harusi walikuwa wameshapanga chumba Musoma, karibu na soko, ambako Luqmani alihamishia meza yake. Nami nilikuwa nimekwenda kuwasalimia. Mzee Twalib akaja na simu yake iliyofungwa kioo kipya, akaiweka mezani, akasema, "Nibandikeni."

Luqmani akachukua kitambaa. Kijana aliyebandika simu za nusu ya wilaya akaanza kuogopa kioo. Akafuta, akafuta tena, akaishusha protekta, akaiinua, akaishusha tena upande.

Najat akamnyang'anya. Akapuliza vumbi, akalinganisha pembe, akaishusha protekta mara moja. Haikuwa na kiputo hata kimoja. Mzee akaigeuza mwangani, akatafuta kasoro kama anavyotafuta kwenye mshono, hakuiona. Luqmani alikuwa amesimama pembeni na kitambaa mkononi, ananyoosha shingo naye atafute hata kiputo kimoja.