Vikapu Vitatu vya Chokaa

“Padre Kasto, ukuta wako bado mweusi,” Namgide alisema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, mkono kiunoni, katikati ya zaburi. “Vikapu vitatu vya chokaa mlichukua kwangu, leo siku ya tisa. Ama ukuta unaimeza, ama mnaimeza nyinyi.”

“Mama Namgide, watu wanasali.”

“Hata mie nasali. Nasali nilipwe pishi zangu tatu za mafuta.”

Watu wakacheka chini chini. Namgide tulimzoea. Alizaliwa kwenye tanuru la chokaa, baba yake akafia pale, na mumewe akafukiwa na mawe ya tanuru hilohilo kabla hawajapata mtoto. Aliyebaki naye ni mdogo wake mmoja, Idibali, aliyemlea kwa kumbeba mgongoni huku akichochea moto. Mikono yake ilikuwa na magaga kama gome la mzeituni. Usingemtania ukabaki na hamu ya kurudia.

Chokaa yake ilijulikana Numidia nzima kwa weupe. Tangu Kaisari afunge mahekalu, wakulima walimletea vichwa na mikono ya miungu ya marumaru, naye akaviweka tanuruni kama mikate. “Mungu Saturni ana mafuta,” alikuwa akisema. “Anatoa chokaa kama maziwa.” Watu walisema ameangamiza sanamu nyingi kuliko maaskofu kumi, wala hakuhubiri hata siku moja.

Sasa, Wakristo wa mji wetu wa Vasina tulikuwa makundi mawili. Zamani, enzi za mababu, askari walipita wakidai vitabu vitakatifu vichomwe. Kuna waliovitoa, kuna waliokatwa vichwa kwa kukataa. Sisi wa upande wa Askofu Donato tulijiita watoto wa waliokataa. Wale wengine, Wakatoliki, tuliwaita watoto wa wasaliti. Aliyetoa na aliyekataa wote walikwisha kuoza, lakini wajukuu tulikuwa tunavunjana meno. Zaburi zilezile, mkate uleule. Mwokaji wa kwetu hakuwaokea wao, na ng’ombe wao akitumbukia kisimani kwetu tulimtazama tu.

Jengo la kanisa lilikuwa moja, likinyang’anywa huku na huku. Kila watu wetu walipolirudisha, walikwangua madhabahu, wakaosha sakafu kwa maji ya chumvi kama vile mbwa amefia mle, wakapaka kuta chokaa mpya. Wakatoliki nao wakilichukua walipaka. Namgide aliwauzia wote. “Gombaneni,” alisema, “mie nakula.” Neno hilo alikuja kulilipia.

Idibali ndiye aliyemuumiza. Alipopata ndevu alihamia kwa Wakatoliki, wakamfanya shemasi. Namgide akaacha kumwita kwa jina. Wakipishana sokoni alisema, kwa sauti ya kusikika, “Shemasi wa wasaliti anapita.” Naye Idibali aliitika, “Shikamoo dada,” akaendelea na njia yake. Lakini kila akichinja kuku, Namgide alipeleka paja kwa jirani wa Idibali, na jirani alijua ampe nani.

Siku ile ya zaburi, Gududu alikuwa ameegemea nguzo karibu na mlango. Huyu alikuwa mkubwa wa watu wa maghalani, vijana wa upande wetu waliolala kwenye maghala ya makaburi ya mashahidi na kutembea na marungu. Rungu waliliita Israeli. Walisema Bwana alikataza upanga, rungu hakulitaja.

“Mama,” Gududu alisema, “chokaa yako usiihofie. Iko kazini.”

“Kazi gani, na ukuta huu hapa?”

Gududu akatabasamu, akatoka. Padre Kasto akainamisha macho kwenye kitabu, na hapo Namgide akabadilika uso. Akamfuata Gududu.

Alifika njia ya kinu cha mafuta akasikia kelele za “Sifa kwa Mungu”, ile sauti yao ya vita. Mimi nilikuwa kinuni nikisubiri zamu yangu ya kukamua zeituni, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Walimkamata Idibali akitoka kumsomea mgonjwa. Wakampiga magotini kwanza ili asikimbie. Wakampiga mgongoni. Nilisikia mbavu, na sauti ya mbavu haifanani na kitu kingine. Kisha wawili wakamkalia mikono, wa tatu akamshika kichwa, na Gududu akachota kwenye kikapu chokaa kavu isiyozimwa, akaichanganya na siki kwenye bakuli, akamshindilia machoni kwa kidole gumba, jicho moja kisha jingine, taratibu kama fundi anayeziba ufa. Siki sitasema ilitoka kwa nani.

Idibali alilia kama ndama. Wanawake wa Kikatoliki wakakimbia na mtungi wa maji.

“Msimwagie maji,” Namgide alisema. Alikuwa anakuja mbio, kitambaa cha kichwa kimedondoka. “Chokaa ikipata maji inachemka. Mtampika macho.”

Kila mtoto wa tanuruni anajua: jicho likiingiwa chokaa, unaitoa kwa kidole, kisha mafuta, mafuta mengi, maji baadaye. Namgide akanyakua mtungi wangu wa mafuta bila kuuliza, akapiga magoti, akambana Idibali kichwa kwa mapaja, akaanza kuchokonoa.

“Mwache,” Gududu alisema.

“Nipishe.”

“Mama, wewe ni wetu. Mwache msaliti.”

“Nilimtoa chokaa machoni akiwa na miaka miwili. Nipishe nimalize.”

Israeli ikashuka. Mkono wa kushoto wa Namgide ulivunjika juu ya kiwiko, ukaning’inia. Akaendelea kwa wa kulia. Akapigwa bega. Akamwinamia mdogo wake ili marungu yampate yeye, akamimina mafuta, akachokonoa, akamimina. Gududu alichoka, au aliona aibu, sijui. Waliondoka wakiimba.

Jicho la kulia lilikuwa limepasuka. La kushoto liliokoka kidogo, la kuona mwanga na kivuli. Idibali akiwa amelala mapajani pale, akasugua ile chokaa kati ya vidole vyake.

“Laini hivi,” alisema. “Hii ni yako, dada.”

Namgide akammiminia mafuta yaliyobaki. Watu wake Idibali wakamweka juu ya mlango wa mbao wakamchukua, na mwanamke mmoja akamtemea Namgide mate. “Muuaji. Mkono mmoja unauza, mwingine unaosha.” Idibali alisikia. Akageuza uso upande wa pili.

Miaka sita ikapita hivyo. Hakuja, wala hakutuma salamu. Mkono wa Namgide uliunga kombo. Wakatoliki walisema alijua chokaa inakwenda wapi, na mafuta yale yalikuwa ya dhamira kumsuta. Watu wetu nao walisema ni nusu msaliti. Yeye alitaka kitu kimoja tu, mdogo wake ajue kwamba aliuza chokaa ya ukuta. Lakini utamwambiaje mtu asiyekuja?

Basi alichofanya ni kudai. Kila sikukuu ya shahidi, kanisa likijaa, alisimama mlangoni na mkono wake wa kombo. “Padre Kasto, vikapu vitatu vya ukuta. Pishi tatu.” Watu walimwona mchoyo. Mdogo amepofuka, dada anadai mafuta. Mimi mwenyewe nilimsema.

Mwaka wa nne Padre Kasto akachoka kuaibishwa. Akamletea mtungi tanuruni, Gududu nyuma yake, nasi wateja tukitazama.

“Haya, pishi zako tatu. Nyamaza sasa.”

“Ni za nini?”

“Za chokaa.”

“Chokaa ya nini? Sema, hawa wasikie. Sema uliniambia ni ya ukuta.”

Padre akamtazama Gududu, akasema, “Ya kazi ya Mungu.”

Namgide akaupiga mtungi teke. Mafuta yakamwagika hadi kwenye majivu. Gududu akamzaba kofi lililomtoa jino, naye akalitema mkononi, akalitazama, akasema, “Bado ni pishi tatu.” Ndipo nilipoelewa, nikaacha kumsema.

Kisha ikaja amri ya Kaisari, makanisa yetu yote wapewe Wakatoliki. Askari walivunja mlango kwa shoka. Walioshikilia nguzo walikatwa vidole. Gududu na wenzake kumi na mmoja walipanda jabali la juu ya mto, wakashikana mikono, wakajirusha wakipaza “Sifa kwa Mungu”. Tuliwaokota vipande kwa siku mbili, na mama yake Gududu alimtambua kwa mkanda tu. Padre Kasto alitoroka, sijui aliishia wapi.

Siku ya tatu baada ya hapo nilikuwa tanuruni kununua chokaa. Idibali akaja peke yake, akipapasa njia kwa fimbo, mtungi umefungwa mgongoni kwa kamba. Namgide alikuwa anachochea. Aliacha.

“Nani huyo?” akauliza, na alimwona vizuri kabisa.

“Shemasi wa wasaliti anapita,” Idibali alisema. “Nimeleta mafuta. Jengo tumepewa sisi, na madeni yake ni yetu. Nimeambiwa kuna pishi tatu.”

“Ukuta haukupata hata konzi moja ya chokaa.”

“Najua. Nimeupapasa.”

“Na chokaa unajua ilikwenda wapi.”

“Aliyepokea ni mimi, dada, nisijue?” Akatua mtungi chini. “Miaka yote hii nilikuwa nasikia unadai. Nilikuwa nakasirika. Halafu mtu akanieleza habari za mafuta uliyoyapiga teke. Aliyeuza sumu hadai mbele ya kanisa. Wewe uliuza chokaa ya ukuta. Mnunuzi akipotea njia nayo, muuzaji hulipwa.”

Namgide alifuta mikono, akaleta pishi yake mwenyewe, maana ya wengine hakuiamini, akapima. Ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa. Alipima kwa mkono mmoja, ule wa kombo ukishikilia shingo ya mtungi, na mafuta hayakumwagika. Ya tatu akaikagua kwa kuchovya vidole.

“Imepungua vidole viwili.”

“Nilijikwaa njiani.”

“Utaachaje kujikwaa, na unapita kwenye mawe wakati njia iko huku?” Akavipeleka vile vidole vyenye mafuta kwenye jicho la kushoto la mdogo wake lililokuwa linatoa tongotongo, akaanza kulisafisha. “Hivyo viwili nimesamehe, Idibali. Kaa chini, usitikisike.”