Ukurasa wa Kichwani pa Nyanya

Mwezi uliopita nilikuwa Embu mjini, nimechutama mbele ya muuza vitabu vya mitumba, nikipekua magazeti ya kompyuta za zamani. Ndiyo ulevi wangu, ndugu msomaji. Wenzangu wananunua mashamba, mimi nanunua karatasi. Nikafungua gazeti moja na kuuona ukuta wa nyanya yangu. Mkono ulikataa kugeuza ukurasa.

"Madam, unanunua ama unasoma?" muuzaji akauliza.

Ngoja nikueleze. Nyanya aliishi Kibugu, karibu na msitu, katika nyumba ya mbao. Baridi ya huko haipigi hodi. Upepo ulipenya kati ya mbao hadi ukazima koroboi, kwa hiyo watu walibandika magazeti ndani kwa uji mzito wa unga wa ngano. Mkorogaji wa uji huo nilikuwa mimi, na mlambaji pia. Mwaka mmoja mwalimu mgeni wa hesabu alirudi kwao akaacha katoni la magazeti ya kompyuta. Nyanya akaliomba kwa sababu moja tu: karatasi zake zilikuwa nzito.

Basi nikakua nimezungukwa na kompyuta kabla sijaona hata moja. Tulishinda shambani tukichuma chai, tukarudi na vidole vyeusi. Nduma zikichemka na mvua ikipiga mabati, nilisimama na koroboi nikisoma kuta, Nyanya akinifokea nisije nikaichoma nyumba.

Ukurasa niliousoma zaidi ulikuwa juu ya kitanda chake, pale alipolaza kichwa. Ulikuwa na mistari yenye namba, kumi, ishirini, thelathini, na maelezo kwamba ukiiandikia mashine mistari hiyo, itatii. Nilishangaa mno. Kwetu aliyetiiwa ni chifu, na mwalimu mwenye kiboko. Chini kabisa paliandikwa kwamba mistari inaendelea nyuma, na nyuma ilikuwa imegandamana na mbao.

Nilimsihi aniruhusu niubandue.

"Wacha hiyo karatasi," alisema. "Ukiitoa, baridi itaniingia kwa masikio. Siku nikienda, itakuwa yako."

Na kila mara, akidhani nimesahau, aliuliza, "Na hiyo mashine ingefanya nini?"

"Sijui, Cucu. Iko huko nyuma."

Yeye alitumaini ingechuma chai.

Alifariki nikiwa chuoni. Baada ya mazishi niliingia chumbani mwake peke yangu, nikashika kona ya ule ukurasa, nikauachilia. Niliona kama baridi itamfikia. Niliporudi likizo iliyofuata, mjomba alikuwa ameibomoa nyumba ili ajenge ya mawe.

"Si yalikuwa makaratasi tu?" akaniuliza, na kwa kweli hakuwa na ubaya. Mbao zilikuwa zimewapikia mafundi chai.

Tangu hapo nimekuwa nikiutafuta ukurasa ule. Siku hizi Kibugu ni nyumba za mawe, zenye joto na kuta zilizopakwa rangi, na sioni mtoto anayesoma ukuta. Siwalaumu. Hakuna anayeikumbuka baridi ile kwa hamu, ila harufu ya ule uji ukikauka bado naitamani.

Nililinunua lile gazeti bila kubishania bei. Nilipofika nyumbani niliketi mezani, nikaugeuza ule ukurasa. Ilikuwa imebaki mistari michache tu. Niliiandika yote kwenye simu, maana siku hizi simu inaweza kujifanya mashine ya zamani. Skrini ikawa nyeusi. Nyota moja ikawaka, kisha nyingine mbali nayo, kisha nyingine, kwa kuwa mstari wa mwisho uliiamuru mashine irudi ianze tena. Nilizitazama machozi yakinitoka. Miaka yote ile nyota hizo zilikuwa pale, kati ya karatasi na ubao, zikimkinga Nyanya na baridi ya masikio.