Televisheni Niliyoitundika Juu Kama Mwezi

Wenzangu, kila mkija kwangu mnaniuliza kwa nini kuta zangu ziko uchi, hata kalenda hakuna, na mimi hucheka nikawaongezea chai ili mnyamaze, lakini leo mvua inanyesha Garissa (jambo ambalo lenyewe ni kama ndoto) na hakuna anayeweza kutoka, basi nitawaambia. Aibu yangu naijua. Nimeishi nayo tangu miaka ya tisini na sijawahi kuitaja mbele ya watu bila kufunika uso kwa shungi, kwa hiyo mkiniona nimejifunika katikati ya hadithi mjue tumefika pabaya.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shule, nipo tu nyumbani kwa Aabo, baba yangu, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuota. Hooyo, mama yangu, alikuwa akisema, "Wewe Sahra, maziwa yanachemka mpaka yanamwagika na wewe umesimama hapo hapo unayaangalia." Wallahi ni kweli. Nilikuwa nayaona yakipanda, nasema moyoni, tazama povu lile, mara jiko limezimika.

Sasa kaka yangu Abdi, aliyekuwa na kazi Dadaab kwenye ofisi za misaada, siku moja akatuletea televisheni, inchi kumi na nne, amenunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Rimoti ilishapotea huko huko. Sisi wa mtaa wetu televisheni tulikuwa tunaiona kwa mbali, hotelini, kupitia mabega ya wanaume, na sasa iko sebuleni kwetu, imekaa kimya ndani ya blanketi. Tukaita fundi, Mutua, Mkamba mmoja mpole aliyekuwa akichomelea milango karibu na soko la ng'ombe, atutengenezee fremu ya chuma ya kuishikilia ukutani. Akauliza swali dogo tu, "Niweke urefu gani?" Na mimi, jamani, badala ya kunyamaza kama watu wenye akili, nikasema niachieni mimi.

Nilitaka kuitazama nimelala. Hiyo ndiyo siri yote. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwa ayeyo, bibi yangu, kijijini Diff, na kule jioni tunatandika mkeka nje, tunalala chali, ayeyo anazungumza polepole na mbingu yote iko juu yetu, hadi macho yanajifunga yenyewe, na tangu hapo akilini mwangu kitu kizuri ni lazima kiwe juu. Basi nikajilaza mkekani nimejifunika vizuri (msinifikirie vibaya, Hooyo alikuwa amekaa hapo hapo akichambua mchele), Mutua akapanda ngazi ameshika katoni tupu badala ya televisheni, na mimi naagiza kutoka sakafuni.

"Juu. Juu kidogo. Bado."

"Dada, nimefika darini."

"Hapo hapo! Usisogeze."

Hooyo, ambaye Kiswahili alijifunzia sokoni, akaacha mchele. "Fundi, weka chini, bwana. Hii kitu iko mzito. Itaanguka, itafunja mtu kichwa."

Mutua akanitazama, akamtazama Hooyo, akakuna shingo, akatoboa pale nilipotaka. Na soketi nayo nikasema iwe juu, nyuma ya televisheni, kwa sababu waya unaoning'inia ukutani unachafua macho.

Kulikuwa na jambo moja. Ukuta ule ulikuwa wa kibla. Ndio pekee usiokuwa na dirisha, ningefanya nini? Aabo aliporudi akakunja uso, akasema hawezi kuswali amekabiliana na sanduku la picha. Nikamjibu haraka haraka, "Aabo, mwenye kuswali si anatazama pale anaposujudia? Kitu kikiwa juu vile atakionaje?" Aabo akashika ndevu zake zenye hina, akasema haya, lakini ifunikwe kitambaa na izimwe kabla ya kila sala. Nikajiona mwanachuoni. Siku mbili tatu nilifunika kwa adabu, ila kila mara ilibidi niburute sanduku la bati, nipande, nizime, nifunike, nishuke, na mnajua mvivu alivyo, mwishowe kitambaa kikawa kinaning'inia pembeni na stima ikipotea nasema alhamdulillahi, imejizima yenyewe.

Basi wakati huo nilikuwa nampenda mtu. Nasema wazi, tumeshakuwa watu wazima. Yusuf, mwalimu wa Habaswein, mrefu, mtaratibu, akicheka anaficha meno kwa mkono. Naye alinitaka. Lakini kwao neno la mwisho lilikuwa la ami yake, Adeer Gedi, mzee wa ngamia, aliyekuwa ameshasikia (maneno yanakwenda kasi kuliko lori) kwamba binti wa Garissa huyu anaota mchana na mbuzi wanampotea mkononi. Yusuf alinitumia salamu kupitia dada yake: Adeer anakuja na wazee kuposa, akisema hapana ni hapana, na tafadhali Sahra, siku hiyo tu, usifanye kitu chochote. Kitu chochote! Nikaapa nitakaa nyuma ya pazia kama gunia la sukari.

Siku yenyewe tulipika tangu asubuhi. Alasiri nikajilaza kidogo chini ya televisheni, picha ilikuwa chenga tupu kama kawaida yake, stima ikapotea, nami nikapotea pia, usingizi mtamu, nikaamshwa na Hooyo wageni wako mlangoni. Gurudumu lilikuwa limewachelewesha njiani, jua limezama, jamaa ya msikitini imekwisha. Aabo akasema waswali pale pale sebuleni, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Hooyo akapokea fimbo zao na kuziegemeza upande wetu, nyuma ya pazia. Adeer Gedi akatangulizwa kuwa imamu, Aabo na wazee watatu wakasimama nyuma yake, na chumba chetu kilikuwa chembamba hivi kwamba paji la uso la imamu likigusa mkeka, televisheni iko sawasawa juu yake. Mimi nilikuwa nachungulia pazia na kusema moyoni, tazama walivyotulia, hii nyumba leo ina baraka.

Rakaa ya kwanza, wamo kwenye sijida, stima ikarudi.

Na televisheni, ambayo miezi yote ilitupa chenga, jioni hiyo ikaamua kuonyesha safi kama maji ya kisima. Tangazo la sabuni. Mwanamke yumo kwenye beseni kubwa la kuogea, povu limefika mabegani, anaimba. Subhanallah! (Ngojeni nijifunike.) Nikamgeukia Hooyo, Hooyo akanigeukia. Swichi kubwa ya nyumba ilikuwa dukani kwa Aabo mbele, duka limefungwa, ufunguo umo mfukoni mwa Aabo, na Aabo yumo kwenye sala. Sanduku la bati liko sebuleni, wazee wamelisukuma kando wapate nafasi. Na kupita mbele ya watu wanaoswali siwezi, ni bora ardhi inimeze.

Ndipo nikaona hangool ya Adeer Gedi, ile fimbo ndefu ya wafugaji, ncha moja kulabu ya kuvutia matawi ya miiba na ncha nyingine panda ya kuyasukumia. Nikaichukua. Nikasimama kwenye pazia, mguu mmoja ndani mmoja nje, nikainyoosha juu niguse kitufe cha kuzimia. Nikabonyeza. Sauti ikaongezeka. Adeer Gedi, aliyekuwa ameshasimama rakaa ya pili anasoma kwa sauti, naye akapandisha sauti yake kuishinda sabuni, mimi nikabonyeza tena kwa hofu, sabuni ikapanda zaidi, na wale wawili wakashindana hivyo mpaka nikatamani kulia. Nikasukuma mara ya tatu kwa nguvu, na nikasikia ukutani, kru.

Bolti ya upande wangu ilikuwa imechomoka. Televisheni ikainama. Nikaweka panda ya fimbo chini ya fremu na kushikilia kwa mikono miwili, na hapo hapo imamu akatamka takbiri na kwenda chini, kichwa chake cheupe mkekani, chini kabisa ya ile kitu iko mzito.

"Naa, we msichana, usiachie!" Hooyo alininong'oneza mgongoni.

Niachie nini? Ningeachia ningemuua ami wa mume wangu kabla hata hajawa mume. Nilisimama pale mbele ya wanaume watano, msichana niliyetakiwa nisionekane hata kisigino, nimebeba televisheni kwa fimbo ya mzee. Sabuni ikaisha, alhamdulillah. Kikaja kipindi cha bahari, hakina maneno, samaki tu wanapita polepole, na hiyo rakaa ya tatu ilikuwa ya kimya, basi chumba chote kikawa buluu. Mabega ya wazee buluu, ndevu za Aabo buluu, mkeka unatikisika kama sakafu ya maji, wao wanainuka na kuinama pamoja na samaki wakubwa wanapita juu yao. Mikono yangu ilikuwa inawaka moto. Na bado (nisameheni, ndivyo nilivyoumbwa) nilisema moyoni, tazama, ni pazuri namna gani, na machozi yakanitoka kwa sababu nilijua Yusuf ndiyo nimeshampoteza.

Adeer Gedi akatoa salamu kuliani, akaona miguu yangu. Akatoa kushotoni. Kisha akarudi kuliani tena, taratibu, akapandisha macho kwenye fimbo hadi juu kwa samaki.

"Naa," akasema, "hangool hiyo ni yangu."

"Ndiyo, Adeer."

"Basi usiiachie."

Akajivuta nyuma kwa makalio, bila haraka, mpaka akatoka chini yake, ndipo Aabo na wazee wakasimama kuiteremsha, na mimi nikaingia nyuma ya pazia nikalala kifudifudi juu ya magunia. Hooyo akaketi kando yangu. Tulikaa tukisikia vikombe, kikohozi, kimya, vikombe tena. Mwishowe Aabo akaja kusimama upande wa pili wa pazia. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama mtu aliyebana kicheko.

"Sahra, wanakutaka. Adeer amesema mbuzi wakipotea si kitu, wana miguu. Ila ana sharti moja, hilo sanduku lisikufuate Habaswein."

Halikunifuata. Aabo alilihamishia ukuta wa pili, chini, usawa wa goti, na yeye aliyekuwa halitaki, sasa likawa halimtoki machoni. Jioni yangu ya kwanza Habaswein, Yusuf alitandika mkeka uani, nikalala chali, na mbingu yote ilikuwa pale pale nilipomwagiza Mutua, juu kabisa, wala haikuhitaji bolti. Nililia kidogo. Yusuf akauliza nini, nikamwambia hakuna, natazama tu.

Tangu hapo niliapa sitatundika kitu ukutani, hata kalenda, na hata tuliporudi kuishi Garissa sijavunja kiapo. Adeer Gedi sasa ni mzee sana, haoni vizuri, lakini kila akija hapa na wakati wa sala ukamkuta, hupapasa kwanza ukuta wa kibla kwa kiganja, polepole, kutoka chini hadi mkono unapofika. Halafu ananikabidhi fimbo yake, anasema, "Shika, binti," na ndipo anaswali.