Dada Skola wa Saruji

Harufu ya majani ya mikaratusi yaliyolowa umande ndiyo iliyotupokea kila tulipovuka daraja la magogo na kuingia kwenye shamba la zamani la misheni, upande wa pili wa vilima vya Matogoro. Watoto tuliliita Shamba la Sanamu. Mapadri wa kwanza walilifungua kabla babu yangu hajazaliwa, wakajenga nyumba za matofali ya kuchoma, wakapanda kahawa, wakachonga njia ndefu iliyopita katikati ya miti hadi kwenye chemchemi. Kando ya njia hiyo zilisimama sanamu: mkulima ameegemea jembe, mama ametua mtungi, mpiga ngoma ambaye mvua zilikwisha kumla vidole. Mwezi wa saba baridi ya Songea huingia hadi kwenye meno, na ukungu uliposhuka kutoka vilimani, sanamu zile zilionekana kama watu waliotangulia mbele yetu kidogo tu, tungeweza kuwaita wakageuka.

Nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Skolastika, ambaye sote tulimwita Skola, alikuwa na kumi na sita, na moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu alipokuwa mdogo. Shule alikwisha kuiacha kwa sababu ya kuchoka. Madaktari walisema anahitaji upasuaji Dar es Salaam, basi nyumbani tulikuwa watu wa kusubiri simu. Simu ya baba ikilia, mama aliacha mwiko ndani ya sufuria na kusimama mlangoni, akimtazama baba usoni mpaka aliyepiga ajulikane ni nani.

Kiangazi hicho Fundi Osmundi, aliyekuwa akizitengeneza na kuzikarabati sanamu za shambani, alikuja nyumbani kwetu. Misheni ilikuwa imemwagiza sanamu ya msichana ya kuwekwa chemchemini, naye alikuwa amemwona Skola kanisani. Mama alikataa kabla Fundi hajamaliza kueleza. "Huyu mtoto kupanda ngazi za kanisa tu ni kazi, Fundi. Utamsimamishaje kutwa nzima?" Skola, aliyekuwa akichambua maharage mkekani, hakuinua kichwa. "Mama, niache niende," alisema. "Nitakaa tu. Hapa nyumbani si nakaa vilevile?" Mama aliingia jikoni, akarudi na chupa ya togwa na khanga nzito. "Imelda atakusindikiza," alisema, akinikabidhi chupa.

Ndivyo nilivyolijua shamba lile, kwa mwendo wa dada yangu. Asubuhi baada ya asubuhi tulitembea tukipumzika kwa kila sanamu. Skola alikaa miguuni pa mkulima, akashika kifua, akanionyesha ndege ili nisimwangalie yeye. Alimpa kila mmoja habari zake: mkulima ana deni la mahari, mpiga ngoma aliachwa na mke kwa sababu ya kelele. Nilicheka hadi nikakaa chini. Tukifika chemchemini, Fundi alimwekea kigoda juani. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, mwanangu. Umelalaje?" Siku zote alijibu amelala vizuri, hata baada ya usiku ambao mimi, niliyelala naye, nilimwona ameketi na mito mitatu mgongoni akihangaika kupata pumzi. Fundi alikandika saruji juu ya nondo na waya, akakwangua, akarudi nyuma kutazama. Polepole msichana akaanza kuketi pale ukingoni mwa maji, kidevu mkononi.

Miguu ya Skola ilipoanza kuvimba, tulianza kuchelewa. Kisha hatukwenda tena. Alilazwa hospitali wiki moja, na alfajiri ya Jumapili baba alirudi nyumbani peke yake, amebeba khanga ya dada imekunjwa vizuri, na mama akaelewa kabla hajafungua mdomo. Simu ya kutuita Dar es Salaam ilikuja tukiwa bado matangani. Baba aliipokea nje, mbele ya waombolezaji. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Asante sana, mama, lakini tumeshamzika," akabaki ameshika simu sikioni ingawa upande wa pili walikwisha kukata.

Fundi Osmundi alimaliza uso ule kwa kukumbuka. Picha pekee ya Skola, ndogo ya pasipoti, ilikwenda na karatasi za hospitali na haikurudi. Mama alikataa kwenda chemchemini hadi mvua za kwanza zilipokwisha. Siku aliyokwenda nilimfuata kwa mbali. Alichota maji kwa viganja, akamwosha sanamu uso, nyuma ya masikio, shingoni, kama anavyooshwa mtoto kabla ya kwenda misa. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, akamfuta.

Shamba sasa limekatwa viwanja. Mikaratusi ilikwenda kwa mbao, na mkulima na mpiga ngoma sijui walivunjwa au walichukuliwa. Mwaka jana nilimpeleka mama, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, tukamkuta Skola ndani ya ua wa watu, uso umelika kabisa, kamba ya nguo imefungwa shingoni mwake. Mwenye nyumba, msichana mpole, alitaka kuifungua. Mama akamwambia, "Iache, mwanangu. Nguo zako hazijakauka." Njiani kurudi nilikuwa najaribu kumkumbuka dada yangu akicheka, na uso ulionijia ulikuwa wa saruji, kimya, kidevu mkononi. Wa kweli sinao tena.

Binti yangu ametimiza miaka kumi na saba, umri ambao Skola hakuufikia. Jumamosi iliyopita alipanda Matogoro na wenzake kwa kukimbia, akarudi ana vumbi hadi kwenye kope, akiuliza kuna chakula gani. Nikaweka kiganja kifuani pake. Moyo ulikuwa ukidunda kwa nguvu, haraka, kisha ukatulia wenyewe. "Mama, vipi?" aliuliza. Nikamwambia hakuna kitu, nikaenda kumpakulia.