Taa ya Tatu

Mwaka na nusu baada ya kumaliza chuo nilikuwa bado sina kazi, na ami yangu, mwenye gereji ya magari ya kale hapa Ibra, Omani, alikwishachoka kuniona barazani kwake.

"Leo kuna mzee wa Izki analeta gari la Kimarekani," aliniambia, akanitajia aina na mwaka wake. "Si msomi wewe? Nambie ni toleo gani. Ukipatia, kesho una kazi. Ukikosea, yallah, kwa mama yako."

Asubuhi nzima nilikuwa kwenye simu nikitazama picha. Gari la mwaka ule lilitoka la milango miwili na la minne, na kila umbo lilikuwa na toleo la chini na la juu. La chini lina taa mbili nyuma kila upande. La juu lina tatu, pamoja na utepe wa kromu ubavuni. Rahisi. Mimi jambo likiwa rahisi ndipo ninapoogopa.

Mzee alifika na gari lake, milango miwili. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. La juu kabisa hili. Hesabu taa!"

Ujanani, alisema, alimpa kaka yake zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, na kaka akamlipa kwa gari hili. Mji mzima ulimwita mwendawazimu. Sasa alitaka karatasi ya gereji iliyoandikwa "toleo la juu", aisome Ijumaa kwenye kahawa, mbele ya kaka yake.

Nilihesabu: tatu huku, tatu kule. Ningeishia hapo. Lakini nilifungua buti nikaingiza kichwa. Kila upande, matundu mawili ya taa yalikuwa na kingo laini, za mashine. La tatu lilikatwa kwa mkasi wa bati, limechongoka kama mfuniko wa kopo la maziwa. Utepe nao ulishikwa kwa skrubu, na wa kiwandani hauna skrubu. Nikaenda kwenye kibati chini ya boneti. Namba ilikuwa ya toleo la chini.

Ningeweza kunyamaza. Halafu nikawaza kwamba huenda ami anajua, ananipima tu.

"Sema, msomi! Au unangoja litage?" ami alinipigia kelele.

Nikasema. Wala sikuishia kusema. Nilimshika mzee mkono, nikapitisha kidole chake kwenye ukingo wa lile tundu, ahakikishe mwenyewe.

"La chini hili, mzee wangu. Limevalishwa."

"Kalivalisha nani? Nimelichukua kwa kaka yangu na taa zake sita."

Ami alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Basi fundi ni kaka yako! Kanywa maji yako, kakupa bati!"

Mzee alijifuta kidole kwenye kanzu. "Andikeni la juu tu," alisema polepole. "Mimi na kaka yangu sote wazee sasa."

"Uongo siandiki. Tutalirudisha lilivyozaliwa." Ami akanirushia bisibisi. "Kesho ya nini? Anza sasa hivi."

Nilianza na utepe. Hapakuwa na chombo, basi mzee akavua kofia yake akaikinga, nami nikawa namwekea humo skrubu, moja moja. Aliniomba nisiikwaruze rangi. Nikamwambia asinisemeshe, nitapoteza hesabu.